Mashine Inapodhani Unaandika Kiingereza: Uhakiki wa Programu za Ofisi kwa Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta ya kwanza iliingia nyumbani kwetu, Kimironko hapa Kigali, mwanzoni mwa likizo iliyopita. Ilikuwa imetumika, na Mama aliinunua kwa fedha za zamu yake katika ikimina, kile kikundi cha kuweka akiba ambacho karibu kila mtaa wetu unacho. Ilikuwa inafanya kazi vizuri, lakini haikuwa na programu ya kuandikia. Muuzaji alitoa flashi mfukoni akasema atatuwekea "Office" papo hapo, bila malipo. Mama akanigeukia. "Wewe ndiye unayesoma," alisema. "Tuchukue au tuache?"

Nilimwomba tungoje. Muuzaji alicheka, kwa kuwa kwake hilo halikuwa swali. Kwa watu wengi pia si swali: programu ya ofisi ni Word, na Word ni ile iliyomo ndani ya kompyuta unapoinunua. Mimi nilikuwa na sababu ya kusita. Mwaka unaokuja nitaandika tasnifu yangu ya Kiswahili kwenye mashine hiyo. Mdogo wangu ataandika kazi zake za shule kwa Kiingereza, na Mama ataweka humo hesabu za ikimina. Nilitaka kujua ni programu ipi inayotufaa sisi watatu, na hasa ni ipi inayomfaa mtu anayeandika Kiswahili.

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika makala haya nahakiki kitu tunachokitumia kila siku bila kukihakiki. Programu ya kuandikia ina lugha yake, ina msamiati wake, na ina maoni kuhusu sarufi yetu, ambayo hutuonyesha kwa mistari myekundu chini ya maneno. Ni msomaji wa kwanza wa kila insha tunayoiandika. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuchagua programu ambayo anaweza kuisahihisha pale inapomsahihisha vibaya. Nitaipima hoja hiyo kwa mitihani mitatu: lugha, faili na gharama.

Nilizipima programu nne. Ya kwanza ni Microsoft Office, ambayo leo huuzwa zaidi kwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka kwa jina la Microsoft 365. Ya pili ni LibreOffice, programu huria isiyolipiwa, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice na inayosimamiwa na taasisi iitwayo The Document Foundation. Ya tatu ni Google Docs pamoja na ndugu zake wa majedwali na wasilisho, zinazofanya kazi ndani ya kivinjari. Ya nne ni WPS Office ya kampuni ya Kichina ya Kingsoft, ambayo wengi wetu tunaijua kupitia simu.

Mtihani wa kwanza: lugha

Nilianza na sentensi fupi: "Pole, mume wake yuko pale." Niliiandika kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza, kama zilivyo kompyuta nyingi tunazozikuta mjini. Mistari myekundu ilijitokeza chini ya "mume" na "yuko". Maneno "pole", "wake" na "pale" yalipita salama. Kwa haraka mtu angedhani mashine inajua Kiswahili nusu. Ukweli ni kwamba haijui hata neno moja. Iliruhusu "pole" kwa kuwa kwa Kiingereza ni nguzo, "wake" kwa kuwa ni kuamka, na "pale" kwa kuwa ni kitu kilichopauka.

Jambo hili linachekesha, lakini madhara yake si ya kuchekesha. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika insha zangu zote kwenye kompyuta za kuazima zilizopangwa hivyo. Mwanzoni niliogopa kila mstari mwekundu. Niliandika "wamekwishafika", nikaona wekundu, nikabadilisha kuwa "wameshafika", nikaona wekundu tena, nikaishia na "wamefika", ambayo nayo ilikuwa nyekundu. Nilikuwa nimeacha umbo nililolitaka kwa sababu ya msomaji asiyejua lugha yangu. Baadaye nilifanya kinyume chake: niliacha kuitazama mistari kabisa. Ukurasa mzima ukiwa mwekundu, wekundu hauna maana tena.

Hapo ndipo nilipoumia. Sisi ambao Kinyarwanda ndiyo lugha yetu ya kwanza tunajua tatizo letu la "l" na "r". Tunaandika "kurara" tukimaanisha "kulala". Kikagua tahajia chenye kamusi ya Kiswahili kingenikamata hapo mara moja. Lakini mimi nilikuwa nimeshajifunza kupuuza wekundu, na makosa ya kweli yalijificha katikati ya maneno sahihi yaliyopigwa mstari bila hatia. Insha ilirudi ikiwa na duara nyingi za kalamu ya mwalimu. Nilizistahili duara zile, lakini baadhi yake mashine ingeweza kuniepusha nazo kama ningejua kuiambia kwamba ninaandika Kiswahili.

Kuiambia hivyo kunawezekana. Katika Word na katika LibreOffice, kila kipande cha maandishi hubeba alama ya lugha yake, na mwandishi ndiye anayeichagua. Usipoichagua, mashine hukuchagulia. Hapa Kigali tunalijua hilo kwa namna ya pekee, maana kompyuta nyingine za zamani bado zimepangwa kwa Kifaransa. Ukiandika Kiswahili kwenye mashine ya namna hiyo, inaweza kuweka nafasi kabla ya alama ya kuuliza na kabla ya nukta mbili, kwa kuwa ndivyo Kifaransa kinavyotaka. Nimeona kazi za wenzangu zenye nafasi hizo, na wao walidhani ni kosa la vidole vyao. Hakuna aliyewaambia kwamba waliandika Kiswahili kwa uakifishaji wa Kifaransa.

Sasa tuje kwenye kamusi zenyewe. Microsoft hutoa kifurushi cha Kiswahili, lakini mtumiaji anapaswa kukitafuta na kukipakua yeye mwenyewe. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili miongoni mwa kamusi zake; wakati wa kusakinisha mtu anaichagua kwenye orodha. Google Docs inaweza kuonyesha menyu zake kwa Kiswahili kwa kubadilisha lugha ya akaunti. WPS niliyoipima ilinijia kwa Kiingereza, na sikuona ndani yake dalili ya kumfikiria mwandishi wa Kiswahili.

Historia ya Kiswahili ndani ya programu hizi inastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa lugha hii. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza nia ya kuziweka programu zake katika Kiswahili, na kifurushi cha Kiswahili cha Office 2003 kikafuata. Kwa hiyo mjadala wa istilahi tunaoufanya darasani, wa "kompyuta" au "tarakilishi", "kipanya" au "puku", haukuwa wa darasani tu. Watafsiri walilazimika kuamua, neno kwa neno, kile ambacho mtumiaji angekiona akifungua menyu.

Maamuzi yao mengi yamefaulu. "Hifadhi", "nakili", "bandika" na "tendua" ni maneno mafupi, ni vitenzi vinavyoamuru, na yanaeleweka hata kwa mtu asiyejua kompyuta. Neno "bandika" linanipendeza zaidi kwa kuwa lina picha: kitu kilichokatwa mahali pamoja kinapachikwa pengine. "Hariri" lina utata. Kwa mhariri wa gazeti ni neno la kazi. Kwa Mama, nilipomwonyesha menyu ya Kiswahili, lilikuwa jina la kitambaa, kwa maana katika Kinyarwanda pia hariri ni hariri tu. Aliuliza kompyuta inauza nguo gani. "Umbizo" nalo ni neno zuri kwa mwanaisimu, lakini sijawahi kumsikia mtu yeyote akilitamka nje ya skrini.

Kasoro kubwa ya LibreOffice katika Kiswahili iko kwenye kiasi cha tafsiri, kuliko hata kwenye uteuzi wa maneno. Tafsiri haijakamilika. Menyu kuu ni za Kiswahili, lakini ukishuka ndani unakutana na Kiingereza. Mtumiaji anapita kutoka lugha moja hadi nyingine ndani ya dirisha moja, kama mtu anayesoma kitabu ambacho mtafsiri alichoka katikati ya sura. Kwa sababu hiyo, mdogo wangu nilimwekea menyu za Kiingereza. Mimi nilibaki na za Kiswahili kwa ajili ya kuzisoma kama matini, lakini sitadai kwamba zinarahisisha kazi.

Kiswahili cha nchi gani?

Nilipofungua orodha ya lugha ili niiambie mashine kwamba naandika Kiswahili, nilikutana na swali ambalo sikulitarajia. Kwa miaka mingi Microsoft imekiweka Kiswahili chini ya jina "Kiswahili (Kenya)". Kamusi ya LibreOffice imeandikishwa kwa Tanzania. Nyuma ya orodha kama hizi kuna kanzidata ya CLDR ya shirika la Unicode, inayozieleza kompyuta na simu jinsi kila lugha inavyoandika tarehe, siku na fedha katika kila nchi. Nilipoipitia, nilikuta humo Kiswahili cha Tanzania, cha Kenya, cha Uganda na cha Kongo. Rwanda ipo kwa Kinyarwanda. Kiswahili cha Rwanda sikukiona.

Mtu anaweza kusema hilo ni dogo, kwa kuwa Kiswahili sanifu ni kimoja. Kwa tahajia nakubali. Lakini Bunge letu lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kinafundishwa shuleni, kinazungumzwa Nyamirambo tangu kabla ya wazazi wetu kuzaliwa, na ndicho tunachokisomea shahada. Hata hivyo, ninapoandika tasnifu yangu Kigali lazima nijiandikishe kwa mashine kama Mkenya au Mtanzania. Maneno yetu ya kila siku, kama majina ya wilaya zetu, "umuganda" na "ikimina", hayamo katika kamusi ya upande wowote.

Silalamiki kwamba tumeonewa. Orodha hizi hujazwa na watu wanaojitokeza. Dar es Salaam walijitokeza mwaka 2004. Sisi bado.

Sarufi iliyo wazi

Hapa nafika kwenye sababu iliyonishawishi kuliko zote. Chukua kitenzi "love" cha Kiingereza. Kina maumbo manne: love, loves, loved, loving. Kamusi ya tahajia inaweza kuyaorodhesha yote katika mistari minne. Sasa chukua "penda". Nafsi sita zinaweza kutangulia: ni, u, a, tu, m, wa. Tukichukua nyakati nne tu, na, li, ta na me, tuna maumbo 24. Tukiongeza yambwa za watu tano, au kutokuwepo kwa yambwa, tunazidisha kwa sita na kupata 144. Hata tukiondoa yasiyosemeka, kama "ninanipenda", bado tuna zaidi ya mia moja. Na hapo sijagusa ukanushi, wala urejeshi kama "aliyempenda", wala kauli za kutendwa, kutendeana na kutendesha. Hakuna orodha itakayoyamaliza. Kikagua tahajia cha Kiswahili kinahitaji kanuni za viambishi, yaani kinahitaji mofolojia.

LibreOffice hutumia injini iitwayo Hunspell, iliyobuniwa na Mhungaria László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha ambayo kama yetu hujenga maneno marefu kwa viambishi. Ndani yake kila lugha ina faili mbili: moja ni ya maneno, nyingine ni ya kanuni za kuambisha. Faili hizo ni maandishi ya kawaida. Mtu yeyote anaweza kuzifungua, kuzisoma na kuona kwa nini neno lake limekataliwa. Akiona kanuni imekosewa, anaweza kuirekebisha kwenye kompyuta yake na kuipeleka kwa wanaoisimamia.

Kwa mwanafunzi aliyesoma mofolojia, hili ni jambo kubwa. Katika programu za kibiashara, sarufi inayotuhukumu imefungwa. Tunaona hukumu lakini hatuoni kanuni. Katika programu huria, kanuni iko mezani. Huenda ina kasoro nyingi, na kamusi ya Kiswahili ya LibreOffice bado hupiga mstari maneno ambayo kila mwalimu angeyakubali. Lakini ni kasoro ninazoweza kuzijibu. Mhakiki hamwachi mwandishi kwa sababu amekosea. Anachohitaji ni matini iliyo wazi kusomwa.

Lazima niseme pia kwamba hata kamusi bora ina mpaka. Katika insha ileile iliyorudi na duara, nilikuwa nimeandika "mahari pa kazi". Nilikusudia "mahali". Mwalimu aliandika pembeni: "Ng'ombe wangapi?" Hakuna kikagua tahajia ambacho kingenisaidia, kwa kuwa "mahari" ni neno sahihi la Kiswahili. Ni hivyohivyo kwa "kura" na "kula". Mashine hukagua neno. Maana inabaki kazi ya msomaji.

Mtihani wa pili: faili

Hati huishi muda mrefu kuliko programu iliyoiandika, na ndiyo sababu swali la faili ni swali la umiliki. Word huhifadhi kwa mfumo wa docx, uliokuja na Office ya mwaka 2007. LibreOffice huhifadhi kwa odt, mojawapo ya faili za mfumo wa ODF, uliokubaliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006. Mfumo wa Microsoft nao ulikubaliwa na ISO mwaka 2008. Kwa hiyo yote miwili ina maelezo yaliyochapishwa. Tofauti yake huonekana hati inapohama kutoka mashine moja hadi nyingine.

Niliipata tofauti hiyo kwa hasara. Kazi ya kurasa 30 niliiandika katika programu moja, nikaipeleka kwenye papeteri ikafunguliwa katika nyingine, nikalipia kuchapisha bila kutazama. Nyumbani niligundua kwamba yaliyomo yalisema sura ya tatu iko ukurasa wa 19, nayo ilikuwa ukurasa wa 21. Vichwa viwili vya habari vilibaki peke yao chini ya ukurasa. Nililaumu papeteri, kisha programu, kisha nikatafuta sababu.

Sababu ilikuwa fonti. Kwa kawaida hati haibebi fonti yake. Hubeba jina lake tu. Kompyuta isiyo na fonti hiyo huweka nyingine badala yake, na herufi zikiwa pana kidogo, mistari hukatika mahali pengine, kurasa huongezeka. LibreOffice huja na fonti zilizoundwa kwa ajili ya tatizo hili: herufi za Liberation Serif zina upana sawa na za Times New Roman, na za Carlito upana sawa na za Calibri. Mtu akitumia fonti hizo, hati husafiri salama zaidi. Kwa uchapishaji dawa ni rahisi kuliko hiyo: igeuze hati kuwa PDF kabla ya kutoka nyumbani. PDF inaweza kubeba fonti ndani yake, na programu zote nne huitoa.

Google Docs ina swali lake. Hati inakaa kwenye kompyuta za Google, na wewe unaitembelea. Faida yake ni kwamba flashi ikipotea kwenye basi la Nyabugogo, tasnifu haipotei. Kasoro yake ni kwamba bila intaneti, na bila kuwa umeiandaa mapema kwa kazi ya nje ya mtandao, huna kitu mkononi.

Mtihani wa tatu: gharama

Nirudi kwa muuzaji na flashi yake. Alichotupa "bure" kilikuwa nakala isiyo na leseni. Sitaki kujifanya mtakatifu. Nimeandika insha nyingi kwenye nakala za namna hiyo. Lakini tunafundishwa kutaja chanzo cha kila wazo tunaloazima, na mwenzetu akinakili aya moja ya mtu mwingine anapata sifuri. Kisha tunaiandika kanuni hiyo ya uaminifu kwa programu ambayo hatukuilipia wala hatukupewa. Tena nakala hizo mara nyingi zimezimiwa masasisho ya usalama, na hakuna ajuaye kingine kilichomo kwenye flashi iliyopita kompyuta mia.

Kwa upande wa leseni halali, Microsoft 365 inalipiwa kila mwaka. Mwaka ambao hukulipa, unaweza kusoma hati zako lakini huwezi kuzihariri kwenye programu uliyosakinisha. Kwa familia yenye mshahara hilo si tatizo. Kwa familia inayosubiri zamu ya ikimina ni tatizo. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Yapo matoleo ya Microsoft yasiyolipiwa ndani ya kivinjari, lakini hayo nayo yanataka intaneti. WPS ina toleo lisilolipiwa lenye matangazo. LibreOffice hailipiwi kabisa, wala haitaki akaunti. Gharama yake ni kuipakua, takriban megabaiti 350, mara moja, na ukishaipakua unaweza kuwapa majirani kwa flashi bila kuvunja sheria yoyote. Kwa hiyo flashi ya muuzaji haikuwa na ubaya. Angeweza kutuwekea kitu halali kwa muda uleule.

Hoja dhidi yangu

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya alinipinga kwa maneno machache: "Msimamizi wako anatumia Word. Matangazo ya kazi yanataka Word na Excel. Utamwambia nani habari za Hunspell?"

Ana haki. Msimamizi huandika maoni pembeni mwa hati na kuonyesha marekebisho yake. LibreOffice huyasoma maoni hayo katika docx na kuyarudisha, na kwa tasnifu ya kawaida yenye aya, vichwa, tanbihi na majedwali machache hilo linatosha. Hati yenye michoro na visanduku vingi inaweza kuvurugika. Pia ni kweli kwamba mwajiri wa Kigali hatauliza kuhusu programu huria. Kwa hiyo mtu asijinyime kuijua Word. Maabara ya chuo ipo, na anayejua kutengeneza mitindo ya vichwa na yaliyomo katika programu moja hujifunza nyingine kwa siku chache. Mama aliijaribu hoja hiyo bila kujua. Jedwali la ikimina, lenye majina, wiki na michango, nilimtengenezea katika LibreOffice. Mhasibu wao akalifungua kwa Excel, na jumla ilikuwa ileile mpaka faranga ya mwisho.

Hoja ya mwenzangu ingenishinda kama ningesema kila mtu aache Word. Sisemi hivyo. Nazungumzia kompyuta ya nyumbani, ambako hakuna idara ya kulipa leseni wala fundi wa kuita, na ambako mwandishi wa Kiswahili anakaa saa nyingi peke yake na mistari myekundu.

Hitimisho

Uamuzi wetu ulikuwa huu. Tulisakinisha LibreOffice pamoja na kamusi ya Kiswahili. Lugha ya kawaida ya hati zangu ni Kiswahili. Ya mdogo wangu ni Kiingereza. Nakala yangu ya kudumu huihifadhi kwa odt, ya msimamizi kwa docx, ya papeteri kwa PDF. Kazi za kikundi tunazifanya katika Google Docs kwa kuwa tunaweza kuandika pamoja, kisha tunapakua nakala. Word naitumia chuoni.

Mwanafunzi mwenye programu nyingine asiibadilishe kwa sababu ya makala haya. Afanye jambo moja tu leo: afungue mahali pa kuchagua lugha na aiambie mashine yake kwamba anaandika Kiswahili. Atafanya hivyo kwa chini ya dakika moja, na mistari myekundu itakayobaki itakuwa na maana ya kuzingatiwa.

Kwa idara zetu nina pendekezo. Tafsiri ya LibreOffice hufanywa na watu wanaojitolea, kwenye mfumo ulio wazi kwa anayetaka kujiunga. Kamusi yake ni faili ambayo darasa zima la mofolojia linaweza kuisoma kwa muhula mmoja. Tunaandika kazi za istilahi na uambishaji kila mwaka, zinasomwa na mwalimu mmoja, zinawekwa kabatini. Baadhi ya kazi hizo zingeweza kuwa maneno yaliyokosekana, kanuni iliyorekebishwa, menyu iliyomalizika, na siku moja mstari mmoja katika orodha ya lugha unaosema Kiswahili (Rwanda). Mimi nimeanza na maneno 40 niliyoyaongeza kwenye kamusi ya kompyuta yetu. La kwanza ni "ikimina".